Juu ya nini uso unawaka ukiacha mafuta? Historia ya dawa za kupaka usoni, tangu glavu za mpira hadi soko la Kiambi

Ninaandika kutoka huku Kiambi, pembeni ya Luvua.

Kila mwaka collation ikikaribia, swali linarudi. Dada fulani amepaka mafuta miezi minne, mitano, uso umekuwa laini na mweupe, picha zimetoka vizuri. Tube imeisha, au bei imepanda, au mchumba amesema aache. Siku tatu baadaye uso unawaka kama umepakwa pilipili. Unakuwa mwekundu, ule wekundu wa ngozi yetu nyeusi ambao ni kama shaba iliyochomwa, na upele mdogo unatoka kuzunguka mdomo na puani. Anarudi kununua tube nyingine, anapaka, asubuhi uso umetulia. Basi anasema: munaona, dawa ndiyo inanisaidia, ngozi yangu ndiyo mbaya.

Mimi si muganga. Nina lisansi ya agronomia, kazi yangu ni mihogo na mahindi. Lakini kemia ya molekuli zinazouzwa kwetu ndani ya bidon za dawa ya shamba niliisoma, na nilipoanza kufuata historia ya haya mafuta nilikuta molekuli ninazozijua tayari, nimezikutana katika kozi ya phytopharmacie. Ndiyo maana ninaandika. Wengi wetu tunaongea juu ya mkorogo kama jambo la tabia: huyu hajipendi, yule anaiga Wazungu. Sawa, mjadala huo upo. Lakini kuna historia nyingine, ya vitu vyenyewe: vilitoka wapi, nani aliviona kuwa na hatari, mwaka gani, na juu ya nini vinaendelea kushuka bandarini.

Tuanze na mpira.

Mwaka 1939, Marekani, waganga watatu (Oliver, Schwartz na Warren) waliandika juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama. Wengi wao walikuwa watu weusi. Walivaa glavu ndefu za mpira ili dawa za kusafishia ngozi zisiwachome, na mikono yao ikaanza kupoteza rangi, mabaka meupe hadi pale glavu ilipoishia. Walitafuta sababu wakaikuta ndani ya glavu zenyewe: ndugu wa hidrokinoni, kitu kinachowekwa ndani ya mpira ili usioze upesi kwa hewa. Sisi watoto wa Kongo tunajua habari za mpira kwa njia yetu, babu zetu walikatwa mikono juu yake. Sasa huu mpira tena, umefika kiwandani mbali, unafuta rangi ya mikono ya watu weusi wengine. Sitaki kutia ushairi hapo, ninasema tu ilivyokuwa.

Wafanyakazi wale waliona ni ugonjwa. Wafanyabiashara waliona ni soko. Hidrokinoni inazuia kazi ya kimeng'enya ambacho ngozi inatumia kutengeneza melanini, na kufikia miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa tayari ndani ya krimu za uso zilizouzwa Marekani, Afrika Kusini, kisha huku kwetu. Wazee wetu wanakumbuka jina la Ambi. Lilienea hadi likawa kama jina la kitendo chenyewe: mtu hakuambiwa amejichubua, aliambiwa amepaka ambi, hata kama kopo lilikuwa na jina lingine.

Lakini hidrokinoni haikuwa ya kwanza. Kabla yake kulikuwa zebaki, na hapa ninaomba mukae kidogo, maana hii ndiyo ninayoijua kwa masomo yangu.

Zebaki ilikuwa dawa ya mbegu. Fungisidi za zebaki zilipakwa kwenye ngano na shayiri ili mbegu isioze udongoni. Katika majira ya baridi ya 1971 na 1972, Iraki ilipokea ngano ya mbegu iliyopakwa zebaki, ikiwa na rangi nyekundu ili watu wajue si ya kula, na maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa lugha ambayo wakulima hawakuisoma. Njaa ilikuwa imewabana. Wengine waliosha ile rangi nyekundu wakadhani sumu imeondoka pamoja nayo, wakasaga, wakaoka mikate. Hospitali zilipokea watu 6,530, na 459 walikufa humo. Profesa wetu alitusomea takwimu hizo polepole mara mbili, darasa zima likanyamaza.

Sasa angalieni tarehe. Mwaka huohuo wa 1972, Nairobi, kundi la waganga lilichapisha katika British Medical Journal habari ya wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili: uso unajaa asubuhi, miguu inajaa jioni, mkojo unatoka na povu la protini. Waliwauliza wanatumia nini. Watu 32 kati ya 60 walikuwa wanapaka krimu za kuchubua zenye chumvi ya zebaki. Wengine walipoacha kupaka, figo zilipona. Hawakuwa wamemeza chochote. Walipaka tu.

Yaani wakati ulimwengu unalia juu ya zebaki kwenye ngano, zebaki ileile ilikuwa inauzwa mjini Nairobi kama urembo. Nani alisema kitu? Waganga wale, ndiyo. Na kwa njia nyingine kabisa, vijana wa TANU. Operation Vijana ilitangazwa Tanzania mwishoni mwa 1968 na kuanza Januari 1969: sketi fupi, suruali za kubana, wigi na mafuta ya kuchubua, vyote marufuku. Mimi ninaisoma ile kampeni kwa mashaka. Vijana wa chama waliwasumbua wanawake njiani, waliwavua heshima yao mbele ya watu, na hoja yao ilikuwa utamaduni wa taifa, wala si figo. Mtu akikatazwa kitu kwa aibu peke yake anakificha. Ukimwambia figo yako itavuja, pengine anakuuliza swali la pili.

Ulaya nayo ilifanya lake. Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake. Vizuri. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa hukohuko kwa kuuzwa Afrika, zikiandikwa kuwa ni sabuni za kuua vijidudu. Humo ndani zebaki ilikuwa asilimia 1 hadi 3. Mwaka 1987 waganga wa Ubelgiji waliandika habari ya mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho, upungufu wa damu na figo zisizofanya kazi vema. Mama yake alikuwa anaoga sabuni ya namna hiyo wakati wa mimba, na baada ya kuzaa. Mtoto hakupaka hata tone.

Na ziwa letu? Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walikwenda upande wa Mwanza, Ziwa Victoria, kupima zebaki katika nywele za watu. Kati yao alikuwa Masazumi Harada, yule muganga wa Kijapani aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata maisha yake yote. Walitegemea kuikuta kwa wachimbaji wa dhahabu, maana wachimbaji wanakamata dhahabu kwa zebaki, na kwa wavuvi, kwa njia ya samaki. Lakini baadhi ya wale waliokuwa na kiasi kikubwa kupita wote, zebaki yao haikutoka mgodini wala kwenye samaki. Watafiti walishuku sabuni ya kuogea.

Munielewe: huku Tanganyika tuna dhahabu, tuna samaki, tuna na sabuni. Mtu akija kupima nywele zetu, atajuaje ni ipi?

Sasa turudi kwenye ule uso unaowaka, maana zebaki na hidrokinoni haziwezi kuueleza peke yake. Kuna mchezaji wa tatu, na ndiye anayetawala soko leo: kortizoni.

Historia yake inaanza na furaha. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic walimpa kortizoni mgonjwa ambaye viungo vyake vilikuwa vimekakamaa, akainuka akatembea. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1950. Shida ilikuwa kuipata: ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, ng'ombe wengi kwa gramu chache. Ukombozi ulitoka shambani. Mkemia Russell Marker alikuwa amegundua kwamba viazi vikuu vya porini vya Meksiko vina kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa homoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kortizoni ikaanza kutengenezwa kwa viazi hivyo, vilivyochimbwa na wakulima maskini wa misituni. Kila mara nikiona tube ya krimu pa soko ninakumbuka kwamba babu yake ni kiazi. (Wenzangu wa agronomia, hiyo ni Dioscorea. Ile ile jenasi ya viazi vikuu vyetu.)

Mwaka 1952, Sulzberger na Witten walionyesha kwamba hidrokortizoni ikipakwa juu ya ngozi inatuliza magonjwa ya ngozi. Viwanda vikaanza kushindana kutengeneza iliyo kali zaidi. Lakini utapimaje ukali? Mwaka 1962, McKenzie na Stoughton walipata njia rahisi ajabu: paka dawa kidogo kwenye mkono wa mtu mwenye afya, funika kwa plastiki, ngoja hadi kesho, kisha angalia pale ulipopaka pamekuwa peupe kiasi gani. Kortizoni inabana mishipa midogo ya damu, damu inaondoka, ngozi inafifia. Kadiri inavyofifia ndivyo dawa ilivyo kali.

Someni tena sentensi hiyo. Kipimo rasmi cha nguvu ya dawa hizi ni weupe. Kiwanda kilipokuwa kinatafuta dawa kali kwa ajili ya ekzema na psoriasi, kilikuwa kinachagua, bila kukusudia, krimu inayofifisha ngozi kupita nyingine. Kisha zikija hapa mtu wa soko hahitaji kusoma makala ya 1962, anaona kwa macho yake. Betametazoni inafifisha. Klobetasoli, iliyoingia miaka ya 1970, inafifisha zaidi ya zote. Wafanyabiashara wetu walijifunza upya kile waganga walichojua, tena bila plastiki.

Na mishipa iliyobanwa kila siku haikubali milele. Mwaka 1969, Ian Sneddon, muganga wa ngozi wa Sheffield, Uingereza, aliandika juu ya wagonjwa wa rosasea. Rosasea ni ugonjwa wa uso unaoleta wekundu wa mashavu na pua, joto, mishipa inayoonekana, na wakati mwingine upele wa usaha. Sneddon alisema krimu hizi kali zinatuliza ule wekundu mwanzoni, mgonjwa anafurahi, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inapanuka, na akiacha wekundu unarudi mkali kuliko wa kwanza, anarudia krimu. Mduara. Ni hadithi ya dada yetu wa collation, neno kwa neno, miaka zaidi ya 50 kabla yake, kwa mama wa Kizungu wa mji wa chuma.

Mwaka 1974, Leyden, Thew na Albert Kligman, Marekani, waliupa ugonjwa huo jina: rosasea ya kortizoni. Mtu hakuwa na rosasea, amejitengenezea kwa dawa.

Hapa ninasimama kidogo juu ya Kligman, maana mtu huyu ananisumbua. Kwa miaka zaidi ya 20, hadi 1974, alifanya majaribio ya dawa na kemikali juu ya ngozi ya wafungwa wa Holmesburg, gereza la Philadelphia, wengi wao weusi. Na mwaka 1975, yaani mwaka mmoja tu baada ya kutoa onyo juu ya rosasea ya kortizoni, yeye na mwenzake Willis walichapisha mchanganyiko mpya wa kuondoa rangi ya ngozi: hidrokinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1, deksametazoni asilimia 0.1. Deksametazoni ni kortizoni. Kwa haki yake: ilikuwa dawa ya muganga, kwa madoa ya uso kama yale ya mimba, kwa muda wa wiki chache. Waganga wa ngozi wanatumia ndugu za mchanganyiko huo hadi leo, na kwa mgonjwa anayefuatiliwa unasaidia kweli.

Lakini angalia kilicho ndani: hidrokinoni, kitu cha kumenya, na kortizoni. Ongeza kikombe cha losheni na umepata mkorogo. Wamama wanaokoroga nyuma ya saluni za Dar es Salaam, Bukavu au Kalemie hawakuvumbua uchawi. Walifika palepale alipofika profesa wa Pennsylvania, ila wao hawana mizani, na hawasemi wiki ngapi.

Dozi ndiyo jambo lote. Karatasi ya klobetasoli inasema wazi: si zaidi ya gramu 50 kwa wiki, si zaidi ya wiki 2 mfululizo, na usipake usoni. Mtu anayejichubua anapaka mwili mzima, asubuhi na jioni, miezi. Kortizoni hiyo inapenya na kuingia katika damu. Presha inapanda, sukari inapanda, uso unakuwa mviringo, tezi za juu ya figo ambazo zinatengeneza kortizoni ya mwili zinalala kwa kukosa kazi. Waganga wa upasuaji wanalalamika kwamba ngozi ya namna hii inashonwa kama karatasi iliyolowa, na huku kwetu wamama wengi wanajua meza ya upasuaji kwa sababu moja tu, mtoto aliyekataa kutoka.

Binamu yangu alipaka kwa miezi saba, akijiandaa kwa sherehe ya dote. Tube ilinunuliwa kwenye duka la dawa, bila karatasi ya muganga, muuzaji akamwambia ni "ya mapele". Haikuwa uongo mtupu, ndiyo ubaya wake. Alipoacha hakulala siku nne, alikuwa anaweka kitambaa cha maji baridi usoni usiku kucha, na shangazi yetu alisema amerogwa na upande wa mwanaume. Familia mbili nusura zigombane juu ya molekuli. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyeuliza swali la maana: leta hicho ulichokuwa unapaka. Akasoma, akasema neno betametazoni, na uchawi ukaisha.

Wengine watasema: mbona Wazungu wanatibu wekundu wa uso kwa dawa za kupaka na hawana shida? Wana shida. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu jeli ya brimonidini kwa wekundu wa rosasea, na mwaka 2017 krimu ya oksimetazolini. Ya kwanza ilijulikana kama dawa ya matone kwa presha ya macho, ya pili ni ileile ya kunyunyiza puani ukiwa na mafua. Zote mbili si kortizoni, lakini zinabana mishipa, na uso unatulia kwa masaa. Baadaye taarifa zikaanza kuja: kwa baadhi ya wagonjwa dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi mbaya zaidi. Mwishoni mwa 2016 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo juu ya brimonidini, ikashauri mtu aanze na kiasi kidogo kwa wiki nzima. Mwaka 2017 onyo la pili: watu waliopata mapigo ya moyo ya polepole, presha kushuka, kizunguzungu, na amri ya kutopaka juu ya ngozi iliyojeruhiwa.

Tofauti yetu na wao haiko kwenye ngozi. Kule mtu alipata shida, akasema, mtu mwingine akaandika, mamlaka ikatuma barua kwa waganga wote. Ilichukua miaka mitatu. Kutoka Sneddon 1969 hadi dada wa Kiambi ni zaidi ya miaka 50, na barua haijafika.

Kuna na jambo la rosasea yenyewe kwetu. Vitabu vingi vilionyesha picha za Wazungu peke yao, basi ikaaminika mtu mweusi haipati. Anaipata. Ila kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, unauhisi zaidi ya kuuona: joto, kuchomwa, mapele yanayoitwa chunusi lakini mtu ana miaka 40. Wakimpa krimu ya chunusi anaungua. Wakimpa kortizoni anapata mduara wa Sneddon. Dawa zinazofaa zaidi kwa mapele yake zipo na si ngeni: metronidazoli ya kupaka, asidi azelaiki (iko hata ndani ya ngano na shayiri), na ivermektini. Ndiyo, ivermektini, ile ya kugawiwa vijijini juu ya upofu wa mtoni. Tangu mwishoni mwa 2014 kuna krimu yake ya asilimia 1 kwa rosasea. Wenzangu wa mifugo, ninawajua: musithubutu kufungua chupa ya mbuzi. Ya mbuzi ni ya mbuzi.

Sheria? Zipo, na zina historia yao. Afrika Kusini ndiko G. H. Findlay wa Pretoria alikoonyesha mwaka 1975 kwamba hidrokinoni, ikipakwa miaka, inageuka: badala ya kung'arisha inaacha mabaka ya bluu-nyeusi yenye vipele kama mbegu, na hayafutiki. Watu wakapaka zaidi ili kuyafuta. Iliwachukua waganga na wanaharakati weusi miaka 15 ya kupambana na viwanda hadi serikali ilipokataza krimu zote za kuchubua mwaka 1990, pamoja na matangazo yake. Ulaya ilikataza hidrokinoni katika vipodozi karibu na mwaka 2000, Kodivaa ilikataza mafuta ya kuchubua 2015, Ghana ikakataza hidrokinoni 2016. Mwishoni mwa 2018 Rais Kagame aliandika maneno machache kwenye Twitter, na baada ya wiki chache polisi wa Rwanda walikuwa wanapita maduka kwa maduka na kubeba makopo. Bunge la Afrika Mashariki nalo lilipitisha azimio la kutaka hidrokinoni ikatazwe ukanda mzima. Kongo iliingia jumuiya hiyo mwaka 2022, kwa hiyo azimio lile tumelirithi, kama mtu anavyorithi shamba bila kuonyeshwa mipaka.

Polisi wa Kigali wakibeba makopo, makopo mengine yanatafuta njia. Mzigo unavuka ziwa, unashuka Kalemie, unapanda lori au pikipiki kuja Manono na huku Kiambi. OCC ipo kwenye bandari kupima bidhaa, sawa, lakini kopo linalosema "karoti" na "limau" kwa nje linapimwaje kwa macho? Na tube ya kortizoni si kipodozi, ni dawa halali. Hakuna sheria ya kuikataza kabisa na isiwepo kamwe, maana mtoto mwenye ekzema anaihitaji. Ninavyoona mimi, kukamata makopo kunafaa kwa zebaki. Kwa kortizoni shida ni mkono unaouza bila kuuliza. Mpaka huo mkono upate masomo, tutakamata hadi tuchoke.

Basi kwa wale walioko ndani ya mduara sasa hivi, na ninajua mupo. Musitupe tube leo usiku kwa sababu mumesoma andiko langu. Aliyepaka kortizoni kali mwili mzima kwa miezi, tezi zake zimelala. Akiacha ghafula anaweza kuanguka kwa udhaifu, kutapika, presha kushuka. Aende kituo cha afya, aseme ukweli wote bila aibu, na muganga ndiye atakayesema ashuke vipi, kwa dawa nyepesi zaidi au kwa siku za kupishana. Uso utawaka hata hivyo. Utawaka wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na hiyo si ngozi mbaya wala uchawi wa wakwe, ni mishipa inayofunguka. Maji ya kawaida, mafuta mepesi yasiyo na harufu, kofia au mwavuli juani. Mwenye mimba asingoje hata wiki moja.

Beba kopo lenyewe pamoja na boksi lake. Tafuta maneno yanayoishia na "-sone" au "-sol": betamethasone, dexamethasone, clobetasol. Tafuta hydroquinone. Zebaki inajificha kwa majina: mercuric, mercurous, calomel, au Hg tu. Makubaliano ya Minamata yalianza kufanya kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 huko Geneva nchi zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki kufikia 2025, lakini makopo ya zamani hayajasoma makubaliano. Na kama karatasi haitaji zebaki popote, angalia kama kuna onyo la kutogusisha mafuta na pete, dhahabu, fedha au alumini. Mchimbaji yeyote wa dhahabu atakuambia ni kitu gani kinachokamata dhahabu.